Daftari la Malikale

Kamati ya Malikale ya wilaya ina watu saba,
daftari moja la jalada gumu,
futi kamba ya mita hamsini
iliyokatika kwenye thelathini na moja,
na gari tunaloazima Idara ya Maji
siku ambazo hakuna bomba lililopasuka.
Mimi Ambakisye ndiye katibu.
Walinichagua kwa mwandiko.

Mwezi wa nne Tukuyu hainyeshewi,
Tukuyu inakaa ndani ya mvua.
Tulipanda Lugombo kulipima boma la Mjerumani,
ambalo sasa ni kuta mbili na nusu,
mnyanya pori, utando wa buibui,
na mbuzi wa mtu. Alitutazama
kama sisi ndio tuliovamia.

Mwenyekiti, Mwalimu Mwakatumbula,
alihesabu mawe ya pembe.
Mwaka juzi yalikuwa sitini na manne.
Akahesabu tena kwa kidole, midomo ikicheza
kama mtu anayesali, au anayedai.
Arobaini na tisa.
"Andika," akaniambia. "Wizi."
Nikaandika. Mvua ikaifuta irabu ya mwisho,
likabaki *wiz*.

Tukayafuata mawe kama afuatwavyo ng'ombe aliyepotea,
kwa kuuliza, kwa kunyamaza, kwa kutazama chini.
Moja lilikuwa kizingiti cha kanisa,
limelainishwa na viatu vya Jumapili.
Mawili kwenye banda la kupimia chai,
yamekalia turubai lisipeperuke.
Moja lilikuwa kaburini, kichwani pa mtoto.
Hapo Tusajigwe akavua kofia,
nami sikuandika kitu.
Manane hatujayaona mpaka sasa.

Matatu yalikuwa jikoni kwa Bi Subilaga,
meusi, yamekaa kimafiga,
juu yake chungu cha mbalaga kinatokota.
Mwenyekiti akajikohoza. Akasoma kifungu cha sheria,
akasoma na adhabu yake.
Bibi akachochea kuni. Hakuinuka.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Sasa sikia na langu.
Babu yangu aliyabeba haya toka mto Kiwira,
kichwani, ngata ya majani ya mgomba,
kiboko nyuma, ujira hakuna.
Kilima hiki alikipanda msimu mzima wa kiangazi.
Alikufa shingo imezama mabegani kama kobe.
Paa la boma lilipoanguka nilikwenda na tenga,
nikachukua matatu, nisingeweza manne.
Sikuiba. Nilikwenda kupokea.
Kama humo daftarini mna hati ya malipo yake
nionyesheni, niyarudishe leo hii,
mimi nitapikia matofali."

Mvua ikapiga bati.
Watu saba tukatazama chungu.

Daftari letu lina safu nne:
jina la mahali, umri, mmiliki, hali ya eneo.
Nikafungua ukurasa mpya, namba arobaini na mbili,
lile neno lisilo na mkia nikalipiga mstari,
nikaandika: *Jiko la Subilaga.*
Umri: *tangu kodi ya kibanda.*
Mmiliki: *mwenyewe.*
Hali ya eneo. Hapo nikasita.
Safu ile imezoea *limechakaa*,
*limebomoka*, *limevamiwa*, *halifikiki masika*.
Nikaandika: *linawaka.*

Mwenyekiti hajaweka sahihi hadi leo.
Ila alikula. Alikula sahani mbili,
akalamba kile kidole alichohesabia mawe,
akasema *ndaga* kwa sauti ya chini,
kwa Kinyakyusa, si kwa Kiswahili cha vikao.

Posho ya chakula cha mchana ikarudi halmashauri
haikupungua hata mia.
Na mkaguzi wa hesabu,
ambaye hajawahi kuona fedha ikirudi,
ametuandikia barua mara mbili
akitaka maelezo.